Mia Nane kwa Dakika

Sitapoteza muda wa msomaji kwa kueleza nilivyofika Ombwe. Nilifika, nikakaa siku thelathini na moja, nikarudi. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona kwa macho na niliyoyahesabu kwa mkono wangu. Jina langu ni Nuhu Mshangama. Mimi ni fundi wa redio, hasa zile kubwa za zamani za makasha ya mbao, ambazo ndani yake mna taa za kioo badala ya vidude vidogo vya siku hizi. Naitaja kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikaribishwe Ombwe, na ndiyo iliyonifanya niwadhuru watu ambao hawakunikosea lolote.

Jambo la kwanza linalomshika mgeni ni ukimya. Hewa ya Ombwe ni haba. Ndani ya nyumba, madirisha yakifungwa, inatosha watu kuzungumza. Nje inatosha mapafu tu, haitoshi maneno. Mtu anafungua kinywa, midomo inacheza, na husikii kitu. Mbwa wanabweka bila sauti. Mtungi unaanguka nyuma yako na kuvunjika, nawe hujui mpaka ukanyage vigae. Kwa hiyo wenyeji wakiwa nje husemezana kwa mikono: mmoja hushika kiganja cha mwenzake na kukibana, mbano mrefu, mbano mfupi, kwa mpangilio waliojifunza tangu utotoni. Nilimwona mume na mke wakigombana njiani kwa namna hiyo, wameshikana mikono kama wachumba, macho yamewatoka kwa hasira.

Nchi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mashariki kuna Kilima, na chini ya Kilima unawaka moto usiozimwa. Magharibi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kuna Ukuta wa chuma cheusi, mrefu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona. Kati yake ni uwanda mtupu usio na mti wala jiwe. Na karibu kabisa na Kilima, hatua chache tu kutoka mguuni pake, umesimamishwa Wavu: uzio wa nyaya unaokizunguka chote, wenye matundu yanayoweza kupanuliwa na kubanwa. Mji uko pembeni, upande wa kaskazini, nyumba zake zimeupa uwanda mgongo.

Nilipangiwa kukaa kwa mama mmoja aitwaye Mwanamvua, mfumaji wa mikeka, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya chini. Asubuhi ya kwanza alinishika mkono akanitoa nje, akanipeleka mpaka kwenye kamba iliyofungwa ukingoni mwa uwanda. Hapo ndipo nilipowaona.

Walikuwa wakitoka Kilimani. Milango ilikuwa wazi kwenye ubavu wa Kilima, na watu walitoka humo kama maji yanavyochuruzika, wanaume kwa wanawake, nguo za rangi moja, nyuso hazina habari. Walipenya matundu ya Wavu, wakavuka uwanda bila kugeuka, wakaingia kwenye Ukuta. Miguu yao ilitimua vumbi na vumbi halikutoa sauti. Hakuna aliyemsemesha mwenziwe. Nilisimama pale mpaka magoti yakaniuma, na mstari haukukatika.

Mwanamvua alikuwa akitazama sura moja baada ya nyingine. Ghafla mkono wake ukaukaza wangu. Mwanamume mwembamba, mwenye kovu kwenye nyusi, alitupita karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Macho yake yalipita juu yetu kama yanavyopita juu ya nguzo.

Tuliporudi ndani na kufunga madirisha ndipo aliponieleza.

"Yule ni Hatimu, mume wangu. Jina lake lilitoka kwenye kura ya kuchagua watakaotembea, miaka tisa iliyopita."

"Anakwenda wapi?"

"Anaingia Ukutani. Chini yake kuna njia ya giza inayorudi mpaka ndani ya Kilima. Joto la Kilima linamtoa tena. Baada ya dakika ishirini hivi atapita tena, hapohapo." Akakunja ukindu vidoleni. "Mstari ule tunauita Mkondo. Wakubwa husema hakuna anayepotea katika Mkondo, na kweli, mwili haupotei. Lakini kila akizunguka anaacha kitu kule chini. Mwaka wa kwanza alinipungia mkono. Wa pili alinitazama. Siku hizi umeona mwenyewe."

"Na huu Mkondo ni wa kazi gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua ni ya kazi gani. "Ni wa sauti ya Mtukufu."

Siku ya nne niliitwa Barazani, mbele ya wakuu wa nchi, na huko nikaelezwa kwa ukamilifu. Aliyenieleza ni Mpimaji Mkuu, Bwana Ngwali, mzee nadhifu aliyetembea na kalamu tatu kifuani. Mtawala wa Ombwe huitwa Mtukufu, na sheria ya kwanza ya nchi inasema Mtukufu husikika, haonwi. Anakaa peke yake katika kibanda kilichoshikamana na Wavu. Chakula humfikia kwa ncha ya mti mrefu. Mikononi mwake mna waya mkuu. Akiuvuta kidogo, matundu yanapanuka na watu wengi zaidi hupita. Akiulegeza, yanabanwa, wanapungua. Mkondo ukifika Ukutani hukanyaga sakafu kubwa ya mbao. Wakizidi, mbao hulia kwa nguvu. Wakipungua, hulia kidogo. Mlio huo unapenya mpaka Ng'ambo, nchi kubwa iliyo nyuma ya Ukuta, na huko unaitwa Ngurumo ya Mtukufu.

"Kidole kimoja cha mkono wake," Bwana Ngwali alisema, na macho yakamlengalenga, "kinatikisa Ng'ambo nzima. Unaona ukuu wake?"

Nilimwambia naona ukuu wa miguu ya watu. Hakunisikia, au alijifanya hakunisikia.

Tatizo lao lilikuwa hili. Ng'ambo ilikuwa imeleta barua kusema Ngurumo haisikiki vizuri, na katika sehemu zile nchi ambayo mtawala wake hasikiki huhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Basi Baraza lilikuwa limeamuru Ngurumo ikuzwe mara mbili. Kwa kuwa Mkondo ulikuwa watu mia kwa dakika, wakaufanya mia mbili. Wakapiga kura ya majina tena, wakachukua watu wengine elfu mbili mjini. Ngurumo ikaongezeka, lakini si mara mbili. Iliongezeka kwa robo tu.

Nilikaa Barazani siku nzima nikiwasikiliza wakijadili kwa nini. Waziri wa Heshima, mwanamke mnene aliyevaa glavu ili mtu yeyote asimbane neno kiganjani bila idhini, alisema wale wapya wanatembea bila mapenzi. Akapendekeza wafundishwe kumpenda Mtukufu kabla ya kuingizwa Kilimani. Mwingine akasema la, tatizo ni wingi wenyewe. Watu wakiwa wengi kila mmoja hujificha nyuma ya mwenzake. Yeye alitaka Mkondo upunguzwe mpaka watu kumi kwa dakika, watu safi, waliochujwa. Wa tatu alisema adhabu itolewe kwanza, sababu itafutwe baadaye. Hilo la tatu lilipigiwa makofi.

Ndipo Bwana Ngwali aliposimama akasema yupo mgeni ambaye kwao anatengeneza vyombo vya kukuza sauti. Wote wakanigeukia.

Niliwaomba siku saba za kuhesabu. Nilipewa.

Nilikaa kwenye tundu la Ukutani na mfuko wa kokwa, nikihesabu watu kwa dakika. Sitamchosha msomaji. Walipoyabana matundu mpaka upana wa zamani wa vidole kumi, walipita watu mia. Mtukufu akiyapanua kwa kidole kimoja, walipita mia na kumi na tano. Akiyabana kwa kidole kimoja, themanini na watano. Kidole kimoja, watu kumi na watano. Kisha wakayafungua kwa vidole kumi na sita, wakapita mia mbili. Sasa kidole kilekile kimoja kiliongeza au kupunguza watu kumi na tisa. Si thelathini kama walivyotarajia. Niliomba pia wapunguze mpaka watu kumi kwa dakika, nusu siku tu, ili nimridhishe yule aliyetaka watu safi. Hapo kidole kimoja kilisogeza watu saba, na Mtukufu alipobana zaidi kidogo Wavu ulifunga kabisa, Mkondo ukakatika, neno likafia katikati.

Nilikuwa naijua hali hii. Ndani ya zile taa za kioo ninazozitengeneza mna kitu kilekile. Hewa imenyonywa yote. Katikati mna kijiti kinachopashwa moto mpaka kinatoa chembe ndogo za umeme, pembeni mna bati linalozivuta chembe hizo, na kati yake, karibu na kijiti, mna wavu mwembamba. Sauti dhaifu inaletwa kwenye wavu. Inawabana au kuwaachia wale wadogo wasioonekana. Na mkondo wao ukifika kwenye bati umebeba sauti ileile, imekuwa kubwa. Wavu una nguvu kwa sababu uko karibu na chanzo: kuubadili umeme wake kidogo pale ni sawa na kuubadili ule wa bati la mbali mara ishirini zaidi. Nguvu hiyo ya mahali haibadiliki sana, mkondo uwe mkubwa au mdogo. Kinachobadilika ni idadi ya wanaoitikia kidole kimoja. Mkondo ukiwa mdogo, wanaoitikia ni wachache na sauti inakuwa nyembamba. Mkondo ukiongezwa, wanaoitikia wanaongezeka, lakini polepole kuliko mkondo wenyewe. Ndiyo maana fundi mwenye akili haongezi mkondo ovyo. Anaongeza kidogo, anasikiliza, anaacha. Akizidisha, bati linaiva na kuwa jekundu na kijiti kinakwisha kabla ya siku zake.

Hayo ndiyo niliyowaambia Barazani, kwa maneno yao. Niliwaambia Mkondo si mvivu. Hiyo ndiyo tabia yake. Bwana Ngwali aliandika kila nilichosema.

"Kwa hiyo kupata mara mbili," akauliza, "inahitajika Mkondo wa ngapi?"

Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo karatasini. Nikaitoa kwa sauti, nikiamini namba yenyewe itawatisha.

"Mara nane. Watu mia nane kwa dakika, matundu vidole arobaini. Hapo kidole kimoja kitasogeza watu thelathini. Mkitaka mara tatu, mtahitaji mara ishirini na saba. Kwa hiyo mnaona kwamba jambo hili halifai."

Nikaona kalamu zinaandika. Hakuna aliyeshtuka.

"Iko njia nyingine," nikaharakisha kusema. "Rudisheni Mkondo kwenye watu mia. Kisha Mtukufu avute waya kwa vidole viwili badala ya kimoja. Ngurumo itakuwa mara mbili siku hiyohiyo, na hamtachukua mtu hata mmoja."

Waziri wa Heshima alivua glavu moja, akaivaa tena.

"Mgeni," alisema, "unataka Mtukufu ajitaabishe?"

"Kidole kimoja tu zaidi."

"Mtukufu haongezi sauti. Anayeongeza sauti ni mchuuzi."

Amri ilitoka kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa nimedhani natoa onyo. Wao walikuwa wamepokea maagizo. Mkondo wa mia kwa dakika ulikuwa na watu elfu mbili, wakizunguka usiku na mchana. Ule wa mia nane ulihitaji elfu kumi na sita. Wakihesabu waliokwisha kuchukuliwa, zilipungua elfu kumi na mbili. Mji, ukiacha wazee na watoto, ulikuwa na watu elfu kumi na mbili na mia tatu. Wale mia tatu walikuwa maofisa.

Mwanamvua alisoma tangazo mlangoni. Aliingia ndani akafunga dirisha, akakaa kwenye mkeka aliokuwa hajaumaliza.

"Ni wewe uliyewapa hiyo namba?"

"Ni mimi."

"Ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Basi ulishindwa nini kudanganya?"

Nilimwambia nitarudi Barazani nikawasihi. Alicheka kidogo, bila ubaya.

"Watakuuliza kama hesabu imebadilika," alisema. "Utasema haijabadilika. Watakushukuru." Kisha akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Angalau nitatembea njia moja na Hatimu. Labda kule chini kwenye giza nitaokota alivyoviacha."

Nilikwenda. Waliniuliza kama hesabu imebadilika. Wakanishukuru.

Walichukua siku kumi kuuhamisha mji. Watu walitii, ilikuwa sheria, na sheria ya Ombwe haipigi kelele. Nilipita mitaani nikaona milango iliyoachwa wazi, masufuria juu ya majiko yaliyopoa, nguo kwenye kamba ambazo hakuna aliyerudi kuzianua. Kwenye baraza moja bao lilikuwa limeachwa katikati ya mchezo, kete bado ziko mashimoni. Wazee na watoto walikusanywa kwenye jengo moja chini ya uangalizi wa maofisa, wakashikana mikono kwenye mduara, wakibanana maneno ambayo sikuyajua. Nilitamani kusikia mtu akilia. Walikuwa wakilia wengi, niliona machozi, lakini nje hapakuwa na sauti ya kuyabeba.

Asubuhi ya siku ambayo Mkondo ulifikishwa watu mia nane, Bwana Ngwali alinichukua mpaka chumba cha ndani ya Ukuta, juu ya sakafu ya mbao, ambamo hewa ilitosha. Kupitia tundu niliuona uwanda wote. Haukuwa tena na mstari wa watu. Ulikuwa umejaa watu. Miguu elfu na mia sita kila dakika ilikanyaga zile mbao, na mlio wake uliingia mifupani. Chuma cha Ukuta kilikuwa kimeanza kupata joto. Saa moja baadaye niliweka kiganja nikakiondoa haraka. Sehemu za chini, walipokuwa wakiingilia, zilikuwa na wekundu hafifu kama wa kaa linalopulizwa.

Nilikuwa nikihesabu na kuchora. Kwa kila dakika niliweka nukta, juu ikiwa wengi, chini ikiwa wachache, kama nilivyofanya zile siku saba. Mtukufu aliendelea kuvuta na kulegeza, kidole kimoja, kidole kimoja. Bwana Ngwali alichungulia karatasi yangu akapiga makofi mara moja.

"Thelathini! Mara mbili kamili! Mgeni, jina lako litaandikwa."

Nilikuwa nimetoa karatasi ya siku ya watu mia na kuiweka kando ya hii. Umbo la mistari lilikuwa lilelile. Huku vilima vilikuwa vifupi na huku vilikuwa virefu mara mbili, lakini mpangilio haukutofautiana hata kidogo: kupanda kurefu, kufupi, kufupi, kurefu, kisha kutulia, kisha kuanza upya. Nikatoa ile ya mia mbili. Lilelile. Mtukufu alikuwa akirudia jambo moja, siku zote, bila kuchoka.

"Bwana Ngwali," nikasema, "hii si lugha yenu ya viganja? Mrefu, mfupi?"

Alirudi nyuma hatua moja.

"Soma," nikamwambia. "Mimi siijui. Soma Mtukufu anasema nini."

"Mimi napima kimo," alisema. "Maana si idara yangu."

"Ni nani mwenye idara ya maana?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, mzee yule. "Haijawahi kuundwa," akasema.

Nilishuka mbio. Nilivuka uwanda nikienda mashariki, mtu mmoja dhidi ya elfu, wakinigonga mabega bila kunitazama. Wapya walikuwa bado na nyuso. Baadhi walinikodolea macho. Joto la Kilima lilinipiga usoni kabla sijafika. Upande wa pili wa Wavu, miongoni mwa umati uliokuwa umesongamana ukingoja kupenya, nilimwona Mwanamvua. Alikuwa ameshika nguo ya Hatimu kwa nyuma, kama mtu anayeogopa kumpoteza mwenzake sokoni. Hatimu alitazama mbele tu.

Nilipitisha mkono kwenye tundu la Wavu nikakamata kiganja chake. Nikabana kama karatasi ilivyoonyesha: mrefu, mfupi, mfupi, mrefu, mpaka mwisho. Alinikazia macho, hakuelewa kwa nini mimi nisiyejua lugha yao nasema hivyo. Nikarudia, kisha nikaonyesha kwa kidole kile kibanda kilichoshikamana na Wavu, na ule waya uliotoka ndani yake ukinyooka, ukilegea, ukinyooka.

Akautazama waya. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha akapiga magoti na kuandika mavumbini kwa kidole: NIFUNGUENI.

Akapenya tundu la Wavu akimvuta Hatimu kwa mkono, tukaenda pamoja. Hatimu hakukataa, kwa kuwa hakuwa na cha kukatalia. Askari mmoja tu alikuwa karibu, na alipotuona tunaelekea kibandani aligeuka akafumba macho kwa viganja, maana sheria ilimkataza kuona upande ule. Mlango haukuwa na kufuli. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angeufungua.

Ndani, tulipofunga mlango, mlikuwa na hewa ya kutosha maneno, na harufu ya uji uliochacha. Mtukufu alikuwa bibi kizee. Alikuwa mdogo kama msichana wa miaka kumi, nywele nyeupe zimemfika kiunoni. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa kwenye waya kwa uzi wa hariri, mafundo mazuri, ya heshima, yaliyozama kwenye ngozi. Kiti chake kilikuwa kimekokotwa nyuma mpaka mikono imenyooka yote, mabega yamekaribia kuchomoka. Nikaelewa vidole arobaini vilipatikanaje. Kwa mikono ile, kidole kimoja tu ndicho alichobakiwa nacho cha kusogeza.

Mwanamvua alifungua fundo la kwanza kwa meno.

"Nimewaambia kila siku," yule bibi alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kuchekesha karibu. "Kila siku nawaambia. Hamkusikia?"

"Walikusikia mpaka Ng'ambo, bibi," nikasema.

"Ng'ambo," alirudia, kama jina la mtu aliyemsahau. "Nilikuwa nasema na hao waliokuwa wakipita hapa dirishani."

Fundo la mwisho lilipoachia, waya uliruka ukapita katikati yetu. Wavu wote, kukizunguka Kilima, ulijibana kwa uzito wake wenyewe. Matundu yakafunga.

Nilitoka nje kutazama. Waliokuwa wamekwisha kuvuka waliendelea, wakawa wachache, wakawa mmoja mmoja, wa mwisho akaingia Ukutani. Uwanda ukabaki mtupu. Upande wa Kilima watu walisimama wamesongamana mbele ya Wavu, maelfu, na waliotoka nyuma yao wakasimama pia. Hakuna aliyewaambia wafanye nini. Wekundu wa Ukuta ulififia taratibu mpaka chuma kikawa cheusi tena. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha wale wapya, walioingia siku zile kumi, wakaanza kutazamana. Mmoja akamshika mwenziwe kiganja. Kisha mwingine. Niliona jinsi ilivyosambaa, mikono ikitafuta mikono mpaka nyuma kabisa, na wakaanza kuondoka kandokando, kwa lango lilelile la kaskazini waliloingizwa nalo, kuelekea mjini.

Wale wa zamani hawakuondoka. Ilibidi kila mmoja ashikwe na mtu.

Baraza lilikutana kesho yake. Taarifa rasmi, ambayo niliisikia ikisomwa, ilisema Ngurumo ya Mtukufu ilifikia mara mbili kamili kwa muda wa saa tatu, kwamba lengo limetimizwa, na kwamba Mtukufu amependa kupumzika. Kisha wakaanza kujadili nani atashika waya. Kila mmoja alimtaja mwenzake kwa sifa nyingi. Waziri wa Heshima alinitaja mimi, na Bwana Ngwali, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akaomba iandikwe kwamba yeye amejiuzulu. Nilimkuta baadaye kwenye kibaraza cha nyumba yake ameshika karatasi yangu ya siku ya watu mia. Alikuwa akibana kiganja chake mwenyewe, mrefu, mfupi, mfupi, na machozi yakimtiririka mpaka kwenye zile kalamu.

Yule bibi alichukuliwa na jirani wa Mwanamvua. Hakutaka lolote ila kulala chali, mikono tumboni. Sijui Baraza lilimpata nani. Nilipoondoka walikuwa bado wanajadili na Wavu ulikuwa umefungwa. Barua ya pili ya Ng'ambo haikuwa imefika.

Siku yangu ya mwisho niliamka nikamkuta Mwanamvua jikoni, na Hatimu amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Alikuwa ameoshwa na kuvalishwa shati safi. Mara mbili alisimama, akaelekea magharibi mpaka akafika ukutani mwa nyumba, akasimama hapo na paji la uso likigusa udongo. Mara zote mbili Mwanamvua alimrudisha kwa kumshika kiwiko, akaendelea kupepeta mchele. Nilimwambia naondoka. Nilimwambia pia kwamba naomba radhi, na hilo lilinichukua muda zaidi kulisema. Aliweka ungo chini.

"Nimemwambia jina langu tangu alfajiri," alisema. "Nimembana kiganjani mpaka vidole vimekufa ganzi. Hanijui."

Hatimu alisimama tena. Tulimtazama wote wawili. Alitazama magharibi, akatazama kigoda, akakaa.